Baka Jeupe la Ng'ombe wa Mwalimu Elia

Herufi o ipigeni polepole. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa kazini, na nimeona nianze nalo kwa sababu nyinyi hamtalihitaji hata siku moja, nami sina pengine pa kulipeleka. Ukiipiga o kwa nguvu kwenye stensili, duara lote la nta linakatika na kudondoka, na ukidurufu, kila o inatoka imejaa wino, ukurasa mzima unaonekana umeugua ndui. Herufi m inataka kidole chenye hasira kidogo. Nukta iguse tu uondoke.

Najua mnacheka. Mmezaliwa mkaikuta kazi yote imo kwenye simu, mnabonyeza mara moja na kitu cha mtu kimeshafika Mwanza. Basi vumilieni kidogo. Stensili ilikuwa karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Ulitoa utepe wa wino kwenye taipureta, ukapiga herufi tupu zikaichana ile nta, kisha ukaifunga kwenye ngoma ya mashine ya kudurufu. Ukazungusha mkono wa mashine, wino ukapenya palipochanwa, karatasi zikatoka moja moja zikinukia mafuta. Ulipokosea hukuona, mpaka uinue stensili dirishani uisome kwa mwanga. Nusu ya maisha yangu ya kazi nimeyapitisha nimesimama dirishani, mikono juu, nikisoma maneno ya watu wengine huku jua likipita katikati yake.

Naandika nikiwa barazani kwangu Miyuji, mchana, saa ambayo hata kuku wamejilaza. Upepo wa huku kwetu mnaujua, unakuja na vumbi lake, unakaa kidogo, unaondoka. Nikisinzia naisikia ile mashine, kwacha, kwacha, kwacha, na mara nyingi ng'ombe mmoja mweusi anapita mbele ya baraza. Ana baka jeupe kwenye paji. Hana haraka. Namsalimu naye anapita, nami nazinduka nikiwa na shingo inayouma. Nimemwota miaka mingi, na sasa nawasimulia alikotoka, kwa sababu lile baka nililiweka mimi, na uzembe uliokuja nalo nusura umpokonye mwalimu mmoja kitabu chake na heshima yake mbele ya watoto.

Duka letu lilikuwa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Watu waliozoea foleni ya sabuni walianza kukuta sabuni za aina tatu kwenye rafu moja, wakasimama kuzitazama tu, hawajui waanzie wapi. Mtu binafsi aliweza kufungua biashara bila kutazamwa kwa jicho baya. Mzee Lazaro, aliyekuwa amestaafu kazi ya uchapaji serikalini, akanunua mashine mbili kuukuu za kudurufu na taipureta moja, akaniajiri mimi. Nilikuwa binti wa Kondoa, nimemaliza kozi ya uhazili, najiona hakuna nisichokijua.

Wateja walikuwa wa kila namna. Kwaya zilitaka maneno ya nyimbo. Wanafunzi walileta madaftari. Wafanyakazi wa bungeni walikuja na karatasi ambazo hawakutaka zipigiwe chapa ofisini kwao. Vyama vipya vya siasa vilikuja na ilani yenye kurasa nyingi kuliko wanachama.

Mzee Lazaro alikuwa na sheria moja: mpiga chapa haongezi, hapunguzi. Mteja akileta shairi linalochechemea, lichape likichechemea. "Ukitaka kutunga, Zuhura, tunga lako," aliniambia. Mimi sikuielewa mara moja. Kuna kamati ya harusi ilileta kadi za mwaliko zenye mstari wa chini, tafadhali usije na watoto. Nikaona huo ni utovu wa adabu, mstari wenyewe unaharibu kadi, nikauacha. Harusi ikajaa watoto mpaka wapishi wakakimbia. Baba wa bibi harusi alikuja dukani ameshika kadi kwa vidole viwili, na Mzee Lazaro akanisimamisha mbele yake nikaomba radhi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikadhani nimejifunza.

Halafu kulikuwa na habari ya rangi ya kucha. Ukikosea kwenye stensili, kulikuwa na dawa nyekundu ya kuzibia, unapaka juu ya herufi mbovu, inakauka, unapiga upya. Dawa hiyo ikaadimika Dodoma nzima. Mzee Lazaro ndiye aliyegundua kwamba rangi ya kucha inafanya kazi ileile. Nikawa naagizwa sokoni kila baada ya siku kadhaa. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Kondoa akafungua droo yangu kutafuta sindano, akakuta chupa sita za rangi ya kucha. Akanitazama kucha, akazikuta tupu. Hakuniuliza kitu, ila alipofika nyumbani akawaomba majirani waniombee dua.

Niwaambie pia habari ya baba yangu, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini nililofanya baadaye liliniuma hivyo. Baba, Maalim Salimu, alilima mtama mlimani kwetu Kondoa na alasiri alisomesha watoto chuo cha Kurani. Vitabu vyake vingi alivinakili kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Kunakili hakukuwa na ubaya, elimu ilikuwa kitu cha kupeana. Lakini kusomesha kitabu ambacho mwalimu wako hakukupa ijaza, yaani hakukuruhusu kukifundisha, ilikuwa aibu kubwa. Na mwisho wa kila kitabu aliandika: nimenakili mimi Salimu, kutoka kitabu cha fulani, aliyesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani. Vingine vilikuwa na majina saba. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anamaliza karatasi kwa majina ya watu. Akanijibu, "Hawa wamenileta mpaka hapa, mwanangu. Nitawaachaje mlangoni?"

Nilikua na jibu hilo. Na bado nikafanya niliyoyafanya.

Mwalimu Elia Chilewa alikuja asubuhi moja akitokea Kongwa, vumbi la njia nzima limemtulia kwenye nyusi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, anaongea taratibu kana kwamba kila neno analiandika ubaoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimeambiwa hapa kuna mtu anapiga o polepole."

Nikampenda hapohapo. Akafungua mfuko wa plastiki akatoa daftari. Shule yake, nje kidogo ya Kongwa, ilikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto watano, na hicho kimoja hakina kurasa za mwanzo. Kwa hiyo alikuwa ameketi akatunga mwenyewe hadithi kumi na mbili. Si za kusimuliwa na bibi yake, alinieleza, ni zake, zimemtoka kichwani akiwa anatembea kwenda shuleni.

Hadithi ya sita ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu. Mwaka wa ukame, ng'ombe mweusi tii, asiye na unyoya mweupe hata mmoja, anaondoka zizini jua la utosi kwenda kutafuta mvua. Anavuka mbuga mpaka pale ardhi inapometameta, panapoonekana maji ambayo hayapo. Anaingia humo. Watu wamesimama wanamwona anapungua, anakuwa doa, doa linapanda juu. Siku ya tatu wanaona wingu linarudi kutoka upande ule, kwa mwendo wa ng'ombe.

Nyinyi wa huku mnajua kwa nini alikuwa mweusi. Wazee wa Ugogo walipoomba mvua, mnyama alikuwa mweusi na nguo nyeusi, rangi ya wingu lenyewe. Ng'ombe mwenye baka hakuwa na safari ile.

Picha alizichora mwenyewe juu ya stensili kwa kalamu ya chuma, amebana pumzi. Nyeusi kwenye stensili huipati kwa kupaka, unaichanja mstari mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe yule alimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza akanionyesha ukurasa wa mwisho wa daftari, mistari mitatu tu. Nimeihifadhi kichwani mpaka leo: *Hadithi hizi nimezitunga mimi, Elia Chilewa, mwalimu, Kongwa. Ukizipenda zinakili umpe mwenzako, ila usiuondoe ukurasa huu. Chini yake andika jina lako na unapokaa, ijulikane zimepita kwa nani.*

Nilimwona baba yangu kwenye mistari ile, nikatabasamu kutwa nzima.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Siku ya kudurufu Mzee Lazaro alikuwa Morogoro kutafuta wino. Mwalimu angekuja saa saba kuchukua mzigo wake apate basi. Nikainua stensili ya ng'ombe dirishani, nikaona mchirizi mdogo pembeni ya sikio, kalamu iliteleza. Mwalimu hakuuona. Mimi kwa kiherehere changu nikachukua brashi ya rangi ya kucha niuzibe, na kabla sijafika kwenye sikio, tone likaanguka katikati ya paji. Rangi ya kucha ikishashika nta haibanduki, na palipozibwa wino haupiti. Nikapuliza, nikafuta, nikalitanua zaidi. Picha si yangu, siwezi kuirudia. Nikasema moyoni, nani atatazama paji la ng'ombe?

Nikaanza kuharakisha, na stensili haitaki haraka. Nikaipasua ya hadithi ya mwisho. Dukani ilibaki stensili moja, niliyoiweka kwa ajili ya ile mistari mitatu. Nikaichukua, nikaipiga upya hadithi ya mwisho, ikajaa mpaka chini, hata nafasi ya neno moja haikubaki. Nikadurufu. Mwalimu akaja saa saba, akafunga mzigo wake kwenye gunia, akanishukuru, akakimbilia basi. Sikumwambia kitu.

Wiki ya pili nikapata barua yake. "Binti yangu, ukurasa wa mwisho ulisahaulika. Usijali, nimeuandika kwa mkono kwenye nakala zangu zote. Ukidurufu tena, tafadhali uweke." Usijali. Nilitamani angenitukana. Nikaikunja ile barua nikaiweka chini ya taipureta.

Na tukadurufu tena, wee! Walimu walisikiana. Akaja wa Mpwapwa, akaja wa Manyoni, akaja wa Singida, kila mmoja anataka "vile vya ng'ombe". Stensili za kazi nyingine tulizitupa, lakini hizi Mzee Lazaro aliagiza tuzikaushe kwa magazeti na kuzitundika ukutani. Na stensili mpya zilishakuja, boksi zima. Kupiga mistari mitatu ni kazi ya dakika tano. Ila ningeipiga, ningelazimika kumwambia Mzee Lazaro kwa nini haikuwepo, baada ya ile aibu ya harusi. Kila mara nilisema wiki ijayo. Siwafichi, nilikuwa mwoga, na uoga wangu ulitoka pale dukani kwa mamia, umebanwa pini, bila jina la mtu.

Baadaye mashine za fotokopi zikaingia mjini, watu wakatoa nakala ya nakala, na ng'ombe akazidi kuwa mweusi na baka lake likazidi kuwa jeupe. Nilimwona mara moja amebandikwa ukutani kwenye kliniki. Nikageuka upande mwingine.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Siku hiyo Mwalimu Elia alikuja bila mzigo. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka vitabu viwili juu ya meza yangu. Kimoja ni chetu, kurasa zimelegea. Cha pili kilikuwa na jalada linalong'aa, kimechapwa Dar es Salaam, hadithi zilezile kumi na mbili. Kwenye jalada kulikuwa na jina la Bwana Tito, mchapishaji, na maneno kwamba hadithi hizi za jadi zimekusanywa naye. Ndani yake imeandikwa haki zote zimehifadhiwa, ni marufuku kunakili.

Akatusimulia. Kitabu kile kilifika shuleni kwake, na nyuma yake ikafuata barua inayosema kuna shule zinadurufu hadithi hizi bila idhini, ziache. Mwalimu mkuu hakutaka matatizo. Akamwambia Mwalimu Elia akusanye nakala zote za watoto azifungie ofisini.

"Hilo ningelivumilia," alisema. "Lakini kuna binti mmoja wa darasa la tano, Mwendwa. Kasimama mbele ya wenzake, kaniuliza kama ni kweli nilitazamia kwa huyu bwana. Miaka yote hii nawaambia wasitazamie majibu kwa wenzao."

"Ukamjibu nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Nilisema tutoke nje tukamwagilie miti. Tangu siku hiyo sijawasomea hadithi."

Mzee Lazaro, aliyekuwa akisikia yote, alitoka nyuma, mikono ina wino mpaka viwiko. "Mwalimu, mshitaki. Sheria ya hakimiliki ipo. Aliyetunga ana haki yake."

"Nikaseme nini huko? Nakala zilizozagaa nchi nzima hazina jina langu. Zangu nimeandika kwa mkono, na kwa mkono yeyote anaweza kuandika."

"Kwa nini hazina jina?" Mzee Lazaro akakunja uso. "Sisi hapa hatupunguzi kitu."

Mwalimu Elia alijua. Barua ile aliiandika yeye. Angeweza kunyoosha kidole tu. Akageuka akatazama nje dirishani, akaniachia mimi.

Nikaangalia chini nisimwone mtu, na macho yakaangukia kile kitabu kinachong'aa, kimefunguka hadithi ya sita. Mchoraji wa Dar alikuwa na kipaji, nisimpunje. Ng'ombe wake alikuwa na misuli na kivuli. Na kwenye paji, katikati, alikuwa na baka jeupe, limechorwa kwa uangalifu, hata kingo zake zimepindapinda vilevile nilivyozitanua kwa kufuta.

Nikasema yote. Nilianza na rangi ya kucha nikamalizia na barua. Nikainua taipureta nikaitoa, imekuwa ya njano. Mzee Lazaro hakufoka. Alikaa juu ya boksi la karatasi akafuta mikono muda mrefu.

"Nilidhani wale watoto wa harusini walishakufundisha," akasema.

Nililia. Sikulia kwa kuogopa kufukuzwa, ingawa niliogopa. Nililia kwa sababu nilimwona baba anatembea na majina yake saba mgongoni, na mimi nilishindwa kubeba moja.

Bwana Tito alikuwa mjini wiki ile, anazungusha vitabu maofisini kwa kuwa wabunge walikuwepo. Mwalimu akalala mjini, Mzee Lazaro akamwita Bwana Tito, naye akaja kesho yake asubuhi, mtu nadhifu, suti ya kaunda, maneno ya adabu. Nilijiandaa kumchukia nikashindwa.

"Nilipewa nakala na mwalimu mmoja wa Singida," alisema. "Haikuwa na jina. Nikaona ni hadithi za wazee, hazina mwenyewe. Nikasema bora nizichape zisipotee."

Mzee Lazaro akachukua kile kitabu kinachong'aa, akasoma kwa sauti. "Ng'ombe mweusi tii, asiye na unyoya mweupe hata mmoja." Akamgeuzia picha. "Bwana Tito, huyu wako ni nani?"

Bwana Tito akatazama. Naapa alikuwa hajawahi kuliona, macho yake yalikwenda kwenye maneno, yakarudi kwenye picha. "Mchoraji wangu alifuata nakala," akasema polepole.

"Na nakala ilifuata hii," nikasema. Nikaitoa stensili ukutani, nikaiinua dirishani. Mwanga wa asubuhi ukapita kwenye mistari yote ya Mwalimu, ile aliyoichanja akiwa amebana pumzi, na ng'ombe akawaka mzima kwenye dirisha. Katikati ya paji likabaki lile tone jekundu, mwanga haupiti. Nikawaeleza ni kitu gani. Nje lilipita lori, vumbi likaingia likaelea mbele ya stensili. Mimi nilijihisi nimo ndani ya ile mbuga inayometameta.

Bwana Tito akakaa. "Hakuna aliyenidanganya," akasema. "Sikuuliza. Ilikuwa safari moja tu ya kuuliza."

Mzee Lazaro alitaka mahakama. Mwalimu Elia akakataa. "Nikienda huko, kitabu kitakaa kwenye kabati la ushahidi mpaka watoto hawa waoe." Akamgeukia Bwana Tito. "Nataka mambo mawili. Jina langu liwemo. Na ile marufuku itoke, shule ikitaka kunakili inakili, mradi ukurasa wa mwisho haukatwi."

"Jina nitaweka, na samahani nakuomba. Hili la pili unaniua, Mwalimu. Nani atanunua?"

"Shule yenye uwezo itanunua, maana chako kinang'aa na chetu kinachafua vidole. Isiyo na uwezo isingenunua hata ungeizuia."

Bwana Tito aliomba afikirie. Akaondoka, na hatukusikia neno mpaka mtama ukavunwa. Kisha mizigo ya vitabu vyake ikaja, na kila kitabu kimebandikwa karatasi mbele, ina jina la Mwalimu na ruhusa yake. Vijana mnaosoma sheria mtaniambia alifanya hivyo kwa kuogopa. Labda. Mimi nilimwona uso siku ile dirishani, na nilijua uso wa mtu aliyeacha kufanya kazi ya dakika tano.

Lakini sikuwa nimemaliza ya siku ile. Bwana Tito alipotoka tu, Mzee Lazaro alikwenda nyuma akarudi na stensili mpya, akaiweka mezani kwangu. Stensili nzima kwa mistari mitatu. Nikatoa utepe wa wino kwenye taipureta, nikapiga jina la Elia Chilewa kwa vidole vilivyotulia, na kila o niliigusa polepole. Chini yake nikaacha wazi, ukurasa mzima, kwa ajili ya wote watakaofuata.

Nilipoinua niihakiki, Mwalimu akaomba kalamu ya chuma. Akaandika kitu chini ya mistari yake, amekinga kwa mkono wa kushoto kama wanafunzi wasiotaka kutazamiwa. Akanirudishia ikiwa imefunikwa kwa karatasi. "Durufu," akasema.

Nikaifunga kwenye ngoma, nikazungusha. Karatasi ya kwanza ikatoka. Chini ya jina lake, kwa mwandiko wa ubaoni, palikuwa pameandikwa: *Baka jeupe la ng'ombe: Zuhura Salimu, Chang'ombe, Dodoma.*

Nilishindwa kuzungusha. Mzee Lazaro akaja akashika mkono wa mashine, akaimaliza kazi mwenyewe.

Jumatatu nikapanda basi naye mpaka Kongwa, karatasi zile ziko mapajani mwangu, bado zinanukia. Darasani watoto walisimama wakatuamkia. Mwalimu mkuu aliposikia habari nzima alikuwa ameshalifungua kabati la ofisini, na Mwalimu akagawa nakala zilizotoka humo, kila moja na ukurasa wake mpya, akamwita Mwendwa mbele ausome. Alisoma kwa sauti ndogo, jina la Mwalimu, halafu ile ruhusa, mpaka mstari wa chini. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akafungua hadithi ya sita akatazama paji la ng'ombe, kisha akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi lake. Mwalimu Elia akafuta miwani, akavuta kiti, akaanza kuwasomea.